Minyoo wa Macho ya Bata, na Jicho la Mwikali

Siku mliponiaga kwa keki na soda, mmoja wenu aliniuliza kama katika miaka yangu yote pale maabara niliwahi kuogopa. Nilijaza keki mdomoni ili nisijibu. Jibu lenyewe ndilo hili. Ni refu kuliko mlivyotaka, lakini sasa nina nafasi, na hakuna mtu anayenigongea mlango akidai majibu ya kinyesi cha mbuzi wake. Habari za vyeo na nani alipandishwa kabla ya nani hamtazikuta humu. Hizo mnazijua kuliko mimi, maana ndizo mlizokuwa mkinong'ona saa ya chai.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika jengo lile lile mnalolijua, upande wa Industrial Area. Siku hizo kiwanda cha sabuni jirani kilikuwa bado kinafanya kazi, na upepo ukigeuka chai yote ilikuwa na harufu ya kufulia. Nilipelekwa moja kwa moja kwenye meza ya minyoo, kwa Mzee Wafula. Alikuwa mtu wa Bungoma, mrefu, koti lake jeupe limekatwa mikono kwa sababu mikono ilikuwa ikichovya katika rangi. Hakuniuliza nimesoma wapi. Alinisukumia bakuli lenye kichwa cha kuku.

"Fungua jicho," akasema.

"Lipi?"

"Anza na lile linalokuangalia."

Mimi tangu utoto wangu kule Machakos nilikuwa naogopa macho. Damu sikuiogopa, matumbo hayakunitisha, lakini jicho lililotoka mahali pake lilinifanya nitake kukaa chini. Mzee Wafula aliliona hilo, na kwa miezi yangu ya kwanza hakunipa kitu kingine. Macho ya kuku, macho ya kanga, macho ya njiwa, hata ya korongo wa jalalani, ambaye akishakufa bado anaonekana ana neno la kusema. Alinifundisha kwamba ndege ana ukope wa tatu, ule mwembamba unaopita juu ya jicho kutoka pembeni, na kwamba mnyoo bapa wa jicho hujificha nyuma yake. Unauinua kwa kibano polepole. Kama mnyoo yupo utamwona amejishika, mdogo kama punje ya mtama iliyobondwa, akijivuta na kujirudisha. Alinifundisha kumng'oa kwa brashi na si kwa chuma. Sikumbuki akiniambia nimefanya vizuri. Alikuwa akisema "endelea," na mimi nilijifunza kuridhika na hilo.

Sasa niwaeleze jinsi tulivyofanya kazi siku hizo, maana bila hilo hamtaelewa kilichonipata. Mnyoo wa jicho ni mnene kidogo, na mambo yote ya kumtambua yako ndani yake. Ili uyaone lazima awe bapa kabisa. Mzee Wafula alimweka angali hai kati ya vioo viwili, akaweka juu yake kijiwe cha mizani cha shaba alichokitoa kwenye mizani mbovu ya sokoni, kisha akapitisha spiriti kati ya vioo mpaka mnyoo akafa akiwa amebanwa. Baadaye akatiwa rangi nyekundu, na hapo ndipo unaona kila kitu chake: vinyonyeo viwili, kifuko cha mayai, korodani moja nyuma ya nyingine. Spishi moja na nyingine hutofautiana kwa mambo ambayo jirani yako angesema ni upuuzi. Korodani zimeachana kiasi gani? Kinyonyeo cha tumboni ni kikubwa kuliko cha mdomoni kwa kiasi gani? Mtu anaweza kuzeeka akipima vitu hivyo, na wapo waliozeeka.

Kazi ya kuainisha yenyewe ilikuja na Daktari Akinyi. Alikuwa ndiyo kwanza arudi kutoka masomoni, mwanamke mfupi mwenye haraka, anayekula mahindi ya kuchemsha juu ya meza ya hadubini ingawa sheria ilikataza, na sheria hiyo aliiandika yeye. Alitaka kujua ni minyoo gani wa macho walio katika ndege wa jiji hili. Alituambia siku ya kwanza kwamba jina si pambo. Ukishamjua mnyoo ni nani, unajua anapitia konokono gani na anaweza kuingia kwa nani. Wengi katika jamii ile huishi katika ndege tu. Lakini vitabu vilikuwa na mmoja ambaye, mara chache sana, alikuwa amekutwa katika jicho la mtu. Nilipolisikia hilo nilijisugua jicho, kisha nikautazama mkono wangu, kisha nikaenda kuunawa.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Dandora, katika ploti yenye vyumba pande zote na uwanja katikati, bomba moja na foleni ya ndoo. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, siku nyingi yuko barabarani. Binti yetu Mwikali alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule. Chumba cha pili kutoka kwetu alikaa Mama Nekesa, ambaye mumewe alikuwa akitafuta kibarua viwandani, leo amepata, kesho amerudishwa langoni. Waliowalisha kwa kweli walikuwa bata. Mama Nekesa aliwafuga nyuma ya vyoo, akauza mayai na vifaranga, na kila jioni aliwaletea majani ya kando ya mto, akayaloweka ndani ya karai kubwa karibu na bomba.

Asubuhi moja alinisimamisha, bata kwapani.

"Mama Mwikali, si wewe ni daktari ya wanyama?"

"Mimi si daktari. Mimi ni wa maabara."

"Hiyo ni kitu moja. Ebu angalia hii bata yangu. Inalia kama imefiwa."

Bata alikuwa anatoa machozi kweli, jicho limevimba. Nilimtia kwenye kiondo, nikaenda naye kazini, na Mzee Wafula alipouinua ukope wa tatu tulikuta minyoo wamejipanga nyuma yake. Tuliwatoa, tukawabana, tukawatia rangi. Daktari Akinyi alikaa nao siku nyingi, kitabu upande huu, hadubini upande ule. Mwishowe akasema hawa wa bata ni wapana mno, na korodani zao zimeachana mno, hawawezi kuwa yule aliyekutwa katika macho ya watu. Huenda walikuwa spishi ambayo haijaandikwa. "Huyu ni wa ndege tu, Syombua," akaniambia. Nililibeba neno hilo mpaka nyumbani na kumpa Mama Nekesa kama lilivyo. Alicheka, akanipa mayai.

Ningeishi na furaha hiyo kama si konokono. Daktari alitaka kujua bata walikuwa wanawatoa wapi minyoo hao, kwa hiyo tukaenda kwenye mtaro unaotoa maji ya ploti zetu kwenda mtoni, tukaokota konokono wadogo wenye gamba lililochongoka. Tuliwaweka katika bakuli la kioo chini ya taa. Baada ya muda wakaanza kutoka watoto wa minyoo wenye mikia, wasioonekana kwa macho ila kama maji yamechafuka kidogo. Waliogelea, wakajigandisha kwenye kioo, wakaangusha mikia, na kila mmoja akajifungia katika kifuko. Ukilitazama bakuli ungesema limeingia vumbi.

Mzee Wafula akaleta maji ya vuguvugu, vuguvugu la uji unaoweza kumpa mtoto, akadondosha juu ya vifuko vile. Nikatazama katika hadubini. Vilifunguka vyote, karibu kwa pamoja, na minyoo wakatoka wakitambaa kwa haraka kama waliochelewa.

"Walikuwa wanangoja joto ya jicho," akasema Mzee Wafula.

"La bata," akasema Daktari Akinyi.

"La bata," akaitikia mzee.

Mimi sikuitikia. Nilikuwa ninaliona lile karai la bombani, majani ya mtoni yameloweka ndani yake na watoto wa ploti wameinama wakiyachezea, Mwikali kati yao, mikono mpaka kwenye viwiko. Nilijiambia kwamba jina limeshatolewa, na jina linasema ni wa ndege tu. Hata hivyo jioni ile nilimkataza mtoto kuligusa karai. Aliniitikia vizuri sana, nami nikajua ataligusa.

Mvua zikaja, zikaisha. Siku moja Mwikali akaja kwangu akijikuna.

"Mathe, kuna mchanga kwa jicho yangu."

Nilimwambia asisugue. Vumbi la Dandora na moshi wa jalala vilikuwa vinatosha kumfanya mtu yeyote awe na jicho jekundu, na nusu ya darasa lake ilikuwa hivyo. Zahanati wakampa dawa ya kupaka. Dawa ikaisha, jicho likabaki linatoa machozi. Mimi, ambaye nilikuwa nimeinua kope za ndege wa kila aina, sikuinua ukope wa mtoto wangu. Kila nikinyoosha mkono, naurudisha, namwambia alale, kesho litakuwa limepoa. Niliogopa kuona, nieleze hivyo tu. Mtu asiyejua kitu angelichungulia jicho lile siku ya kwanza, lakini mimi nilikuwa najua hasa ninachokitafuta.

Kilijionyesha chenyewe. Ilikuwa asubuhi ya jua kali, namwosha uso bombani kabla ya shule, akaangalia juu ili nimwoshe shingo. Pembeni mwa jicho, karibu na pua, kwenye weupe, kitu kidogo kilijivuta, kikajirudisha, kikaingia ndani. Sufuria iliniponyoka. Mwikali akaruka, akaniuliza kama maji yamenichoma. Nikamwambia ndiyo, yamenichoma, na yalikuwa maji baridi ya bomba.

Sijui niliwezaje kufika hospitali. Najua nilimbeba ingawa alikuwa mkubwa wa kubebwa, na nilimfunga mikono yake miwili ndani ya leso yangu ili asijisugue. Njiani niliwaza upofu tu. Nilimwona akishikwa mkono kuvushwa barabara akiwa msichana mkubwa. Nilimwahidi Mungu mambo ambayo mengine sijayatimiza mpaka leo.

Daktari wa macho alikuwa kijana mpole. Alimtia matone ya kutia ganzi, mimi nikamshika kichwa, akageuza ukope. "Mama, hiki ni nini?" akauliza, na sauti yake haikunisaidia. Alimshika mnyoo kwa pamba na alikuwa anampeleka kwenye pipa la taka. Hapo ndipo nilipogundua kwamba ndani ya mkoba wangu nilikuwa na chupa ndogo ya maji ya chumvi. Sikumbuki nikiichukua. Mkono ulikuwa umekumbuka kazi. Nilimwomba amtie humo, akamtia, akanitazama kama mtu anayeanza kushuku wazimu.

"Ni mmoja tu?" nikamwuliza.

"Nimemwona mmoja. Jicho limevimba, siwezi kukuhakikishia. Mlete tena wiki ijayo. Wakikaa sana, kioo cha jicho kinaweza kupata kovu."

Nendeni mkakae wiki nzima na neno kama hilo.

Kazini, Mzee Wafula aliipokea chupa bila kuuliza maswali, akamtoa mnyoo kwa brashi, akamlaza juu ya kioo. Akachukua kioo cha pili. Akanyoosha mkono kwenye kile kijiwe chake cha shaba.

"Usimfinye," nikasema.

"Tutamwona vipi?"

"Mzee, nakuomba. Ametoka kwa jicho la Mwikali. Usimfinye mbele yangu."

Msije mkasema nilikuwa na akili. Sikuwa nimewaza lolote la kitaalamu. Kwangu ilikuwa kama kijiwe kile kitawekwa juu ya jicho la mtoto mwenyewe, na nisingeweza kusimama pale nikitazama. Mzee Wafula akakirudisha kijiwe mahali pake. Tulimwacha mnyoo katika maji ya vuguvugu mpaka akalegea mwenyewe, akanyooka, akafa bila kubanwa na mtu. Ndipo tukamtia spiriti na rangi.

Daktari Akinyi alimtazama, akafungua kitabu, akamtazama tena. "Huyu siye wa bata," akasema. "Huyu ndiye yule wa kitabuni."

Mwembamba, korodani zinakaribia kugusana, kila kitu kama kilivyochorwa. Kwa dakika chache nilifurahi kwa ajili ya Mama Nekesa. Kisha hofu ikarudi, mbaya kuliko ya kwanza. Kama hakutoka kwa bata, ametoka wapi? Maji ya bomba? Shuleni? Njiwa wa kanisani? Nilikuwa na mtoto mmoja na mji mzima wa kumkinga dhidi yake. Usiombe kumwogopa adui usiyejua nyumba yake.

Daktari naye hakutulia. Mahindi yake yalipoa. Mwishowe aliniomba nimletee bata mwingine wa Mama Nekesa, yeyote mwenye machozi. Nilimleta. Safari hii tulipowatoa minyoo, Daktari aliwagawa yeye mwenyewe: wengine akampa Mzee Wafula awabane kwa desturi yake, wengine akawaacha walegee katika maji, kama yule wa Mwikali. Wote walikuwa wa jicho moja la bata mmoja. Tulipowaweka chini ya hadubini, wale wa kijiwe walikuwa wapana, korodani zimetupwa huku na huku, spishi mpya ile ile tuliyojivunia. Wale walioachwa walikuwa sawasawa na wa Mwikali.

Kiwanda cha sabuni kilikuwa kinanguruma ng'ambo.

"Tuliainisha uzito wa kijiwe," akasema Daktari Akinyi. "Na mimi ndiye niliyetia saini."

Mzee Wafula aliliendea kabati, akavuta droo moja, akavuta nyingine. Slaidi za maisha yake zilikuwa mle ndani. "Na hawa?" akauliza. Daktari akamwambia huenda wengi wao. Mzee alisimama pale mpaka nikaona haya kumtazama. Halafu akakitia kijiwe mfukoni, akasema kesho tuanze na droo ya juu, na akaenda kunawa mikono. Ndiyo maana katika meza yetu mlikuta hakuna anayembana mnyoo wa jicho kabla hajalegea. Mlidhani ni masharti ya bure ya wazee.

Lakini mimi siku hiyo sikujali slaidi. Nilichosikia ni kwamba mnyoo anayeingia kwa watu alikuwa amekaa ndani ya karai la ploti yetu muda wote, na kwamba watoto wote wa pale walikuwa wamechezea maji yale huku sisi tumewaambia ni salama.

Jumamosi Daktari Akinyi alikuja Dandora na tochi. Tulikaa uwanjani, mama mmoja baada ya mwingine akaleta mtoto wake, na mimi nikainua kope. Hatukupata mnyoo mwingine, lakini kabla hatujamaliza habari ilikuwa imeshazunguka na kuongezwa chumvi. Kwamba bata wanapofusha watoto. Kwamba ukiwapita tu na wakakutazama, basi. Vijana wakaingia langoni na chupa ya mafuta taa.

"Choma hizo bata! Choma na kiota yake!"

"Wewe Mama Nekesa, ulikuwa unajua!"

Mama Nekesa alisimama mbele ya banda lake, mikono ameitanua, leso imemwanguka. Mumewe hakuwapo. Hakuwajibu vijana. Alinitazama mimi.

"Mama Mwikali, sema wewe. Ni mtoto yako. Ukisema wachomwe, wachomwe."

Uwanja wote ukanigeukia. Niwaambie ukweli, sehemu moja yangu ilitaka wachomwe. Nilikuwa nimelala siku kadhaa nikisikiliza mtoto anapumua, na nilitaka kitu kiteketee. Lakini nilimwona yule mwanamke, na nilijua nani aliyempa neno la usalama. Nilisema. Nikawaambia ubaya hauko kwa kutazamwa. Uko kwenye konokono na yale majani ya mtoni, na karai hilo lisuguliwe kwa maji yanayochemka, na Mama Nekesa asiyachume tena majani hayo. Nikasema bata wana mnyoo jichoni, hayumo nyamani. Wakichinjwa, vichwa vizikwe shimo refu, nyama ni nyama.

"Kama nyama ni nyama, kula wewe!" akapiga kelele mmoja wa wale vijana.

"Nitakula," nikasema, kabla sijajipa nafasi ya kufikiri.

Mama Nekesa aliwachinja mwenyewe, wote, bila kulia. Vichwa tulivizika mimi na Daktari. Sufuria ikawekwa juu ya jiko katikati ya uwanja, harufu ikaenea, na kwa kawaida harufu kama ile ingewaleta watoto na sahani zao bila kuitwa. Siku hiyo watu walisimama mbali, migongo ukutani, kama waliokuja kutazama ajali. Mama Nekesa akapakua sahani moja, akaniletea kwa mikono miwili, amepiga goti kidogo.

Najua anakaa wapi mnyoo huyu. Nilikuwa nimemtoa mahali pake mara zisizo na hesabu, na sijawahi kumkuta pajani. Hata hivyo ile nyama ilipofika kwenye ulimi nilitafuna, nikatafuna, ikakataa kushuka. Daktari Akinyi akachukua pande lake, akala kwa haraka yake ile ile ya mahindi, na mimi nikameza kwa aibu. Hakuna aliyesogea.

Ndipo nikahisi mtu ananivuta sketi.

"Mathe, na mimi?"

Mwikali, jicho moja limefungwa kwa pamba nyeupe, mkono ameukinga. Hakuwa anaogopa chochote. Alikuwa na njaa tu, na bata wa Mama Nekesa alikuwa anamjua kwa utamu wake. Kula mwenyewe ni jambo moja. Nilimtazama Mama Nekesa, na yeye akatazama chini, ili asiniombe. Kila nilichokuwa nimejifunza kilikuwa kinaniambia mpe, na kila kilicho mama ndani yangu kilikuwa kinaniambia mnyang'anye hata harufu.

Nilichagua pande laini, nikalipuliza, nikampa. Akala. Akalamba vidole, nikamshika mkono upesi asijipanguse machoni.

"Niongeze," akasema.

Mama mmoja akacheka. Kisha mtoto mmoja akaja na sahani, na mwingine, na wale vijana wa mafuta taa nao hawakuchelewa, na mmoja wao alikuja mara mbili. Mama Nekesa alipakua mpaka sufuria ikabaki mifupa. Mimi niliingia ndani, nikafunga mlango, nikatetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta.

Tuliporudi hospitali yule daktari kijana aligeuza kope zote mbili, akazitazama moja baada ya nyingine, akasema hakuna kitu. Nikamwambia atazame tena. Akatazama tena. Jicho lilipona bila kovu. Nilimrudisha mara nyingi baada ya hapo, mpaka wauguzi wakanipachika jina. Mama Nekesa alianza upya na kuku. Mzee Wafula alistaafu kabla ya kumaliza droo zake, na nilizimaliza mimi.

Mkaniuliza kama niliwahi kuogopa, kana kwamba hofu ni mvua, inanyesha halafu inakatika. Mwikali sasa ana watoto wake, anakaa Umoja, anafanya kazi na kompyuta kutwa nzima. Juzi alinipigia simu tuongee habari za sikukuu, na katikati ya maneno akasema ngoja kidogo mathe, jicho linaniwasha. Alipomaliza kuniambia ni usingizi tu, mimi nilikuwa nimeshavaa viatu.